Mchumba wangu anasema maswali yangu yanatokana na Mwezi wa Nge

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni msichana wa miaka 26. Nimezaliwa Newala, na kwa sasa ninaishi Mtwara mjini, ambako ninauza mchele, maharage na unga katika kibanda nilichopanga jirani na stendi. Nimeposwa na kijana ambaye ni dereva wa lori. Msimu wa ufuta hubeba mizigo kutoka Ruangwa na Nachingwea, na msimu wa korosho ukifika hushinda kwenye foleni za maghala na bandari. Ni mtu mcheshi, nyumbani kwetu wanampenda, na mahari imepangwa kuletwa baada ya mfungo. Ninakuandikia kwa sababu ninaogopa kwamba mimi ndiye nitakayeivunja ndoa hii kabla haijafungwa, na kwamba kasoro itakayoivunja nimezaliwa nayo.

Mwaka jana rafiki yangu aliniwekea kwenye simu programu ya unajimu, ile inayochora ramani ya nyota kwa kufuata tarehe, saa na mahali ulipozaliwa. Nilimpigia mama kumuuliza saa, naye akajibu bila kusita kwamba nilizaliwa saa mbili asubuhi, wiki ya kwanza ya Juni, kwa sababu bibi ndiyo kwanza alikuwa anaingia zahanati na chupa ya uji. Nikaandika 2:00 AM, nikachagua Mtwara kwa kuwa Newala haikuwamo kwenye orodha, na ramani ikatoka: Jua liko kwenye Mapacha, nyota inayochomoza ni Kondoo, na Mwezi uko kwenye Nge, katika nyumba ya nane. Maelezo ya Mwezi yalikuwa marefu, kwa Kiingereza, na rafiki yangu alinitafsiria. Yanasema kwamba mwenye Mwezi huo ana hisia nzito anazozificha, hushuku hata asiyestahili kushukiwa, husamehe kwa ulimi huku moyoni anaweka hesabu, na kwamba nyumba ya nane humfungamanisha na siri, vifo na fedha za watu wengine.

Shangazi, nililia, kwa maana yale maelezo ni mimi mtupu. Nilipokuwa kidato cha pili niligombana na shoga yangu kwa sababu ya daftari, na mpaka leo nikimwona mbele yangu ninavuka barabara. Dada yangu aliwahi kunikopa fedha ya kusukia akachelewa kulipa, na sikumsemesha mpaka Idi ilipotukutanisha. Nilimwonyesha mchumba wangu yale maelezo, tukacheka pamoja. Siku hizi sicheki tena, kwa sababu kila tukitofautiana hunitajia Nge.

Tangu mwezi wa nane nimekuwa nikimtumia fedha kidogo kidogo kwa simu ili tununue kiwanja upande wa Naliendele, na jumla imefika shilingi 1,800,000. Aliniambia kiwanja kimeshalipiwa. Nilipomwomba nione karatasi ya mauziano alisema iko kwa rafiki yake Lindi, nilipomuuliza tena alitabasamu akasema, "Hapo si wewe unayesema, ni Mwezi wako." Nikaona aibu, nikanyamaza.

Kuna na jambo jingine. Mama yake mdogo alipeleka majina yetu, pamoja na majina ya mama zetu, kwa mwalimu mmoja wa Lindi, naye akapiga hesabu na kusema nyota yangu ni Simba na ya mchumba wangu ni Samaki. Kwamba ni moto na maji, na hatutaelewana mpaka zipatanishwe kwa shilingi 200,000, ambazo inasemekana natakiwa kuzitoa mimi kwa sababu nyota yangu ndiyo kali. Sasa sijui nimwamini nani, programu au mwalimu. Je, ni kweli kwamba mahali ulipokuwa Mwezi siku niliyozaliwa ndipo panaponifanya niwe na tabia hii, na kama ni kweli, inabadilika? Baba yangu mdogo anavua Mikindani, na anasema Mwezi ndio unaoivuta bahari ikajaa na kupwa. Kama unaivuta bahari nzima, iweje ushindwe kunivuta mimi? Au nimwache tu huyu kijana wa watu apate mke mwenye nyota nyepesi?

Msichana wa Nge, Mtwara

*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na saa uliyoiandika kwenye programu, kwa sababu hapo pana jambo ambalo naona hukulitambua, wala rafiki yako hakulitambua. Mama yako alikwambia saa mbili asubuhi, nawe ukaona AM ni asubuhi, ukaandika 2:00 AM. Programu hizo huhesabu siku kuanzia usiku wa manane, si kuanzia jua linapochomoza kama tufanyavyo sisi, kwa hiyo wewe uliiambia kwamba ulizaliwa saa nane za usiku. Saa mbili ya mama yako, ya bibi anayeingia zahanati na uji, ilipaswa kuandikwa 8:00 AM. Ni tofauti ya saa sita, na katika unajimu saa sita si jambo dogo.

Nyota inayochomoza ni ile sehemu ya anga inayotokeza upande wa mashariki wakati mtoto anazaliwa. Dunia inapojizungusha, sehemu zote kumi na mbili hupita hapo kwa siku moja, kila moja ikichukua kama saa mbili. Huko Ulaya ya kaskazini nyingine hupita kwa muda usiofika saa moja na nyingine hukaribia saa tatu, lakini sisi tulio karibu na ikweta tunazipata kwa vipimo vinavyokaribiana. Kwa saa sita, basi, hupita sehemu tatu. Unaweza kulihakikisha mwenyewe bila programu: mwanzoni mwa Juni Jua liko kwenye Mapacha, kwa hiyo Jua linapochomoza, Mapacha nao wanachomoza nalo. Wewe ulizaliwa kama saa moja na nusu baada ya hapo, wakati Mapacha wamekwisha kupanda na Kaa ameanza kutokeza. Kondoo alikuwa amechomoza usiku wa manane umepita, watu wamelala.

Na nyumba zote kumi na mbili, yaani mafungu ya mambo ya maisha kwenye ramani, huhesabiwa kuanzia nyota inayochomoza. Ukianza kuhesabu kwenye Kondoo, Nge anaangukia nyumba ya nane, ambayo kweli wanajimu huihusisha na vifo, mirathi na mali za wengine. Ukianza kwenye Kaa, kama inavyokupasa, Nge anaangukia nyumba ya tano, ambayo kwa wanajimu haohao ni nyumba ya watoto, mapenzi, michezo na furaha. Mwezi wenyewe haujahama sana, kwa sababu kwa saa sita husogea nyuzi tatu na kitu, hivyo isipokuwa kama ulikuwa ukingoni, bado uko kwenye Nge na sitakuficha hilo. Lakini nyumba ya siri na vifo haikuwa yako, hata kwa sheria zao. Ulililia ramani ya mtoto mwingine, aliyezaliwa siku hiyo saa nane za usiku. (Wasomaji waliozaliwa baada ya magharibi wana mtihani wa ziada, kwa sababu bibi zetu wengi wakisema usiku wa Ijumaa wanakusudia ule usiku ambao kalenda ya ukutani inauita Alhamisi. Waulize vizuri kabla ya kuchora chochote.)

Kwangu mimi kosa hilo la saa si kubwa kama lile lililofuata, kwamba uliisoma ramani isiyo yako na ukasema ni mimi mtupu. Nitarudi hapo. Kwanza nikujibu ulichouliza kuhusu Mwezi kwenye Nge, kwa sababu sipendi kumjibu mtu kwa kudharau jambo ambalo sijamweleza.

Kugawa njia ya Jua katika sehemu kumi na mbili zilizo sawa ni kazi ya watu wa Babeli, kiasi cha miaka 2,400 iliyopita. Wagiriki wa Iskandaria wakaongeza nyumba na kanuni nyingi, Waarabu wakaipokea na kuiendeleza elimu hiyo, na kwa mkono wao ikafika pwani yetu pamoja na majina ambayo wazee wa Kilwa na Mikindani wanayajua mpaka leo: Hamali (Kondoo), Thauri (Ng'ombe), Asadi (Simba), Akarabu (Nge). Katika elimu hiyo Jua ni nafsi ya mtu anavyojitokeza, na Mwezi ni hisia, mazoea, utoto na mama. Kila sayari ina mahali inapoheshimika na mahali inaposhuka daraja. Mwezi huheshimika kwenye Ng'ombe, na kwenye Nge, inayomwelekea upande wa pili, hushuka. Nge kwa jadi humilikiwa na Mirihi, sayari ya vita, na wanajimu wa karne iliyopita wakampa Pluto pia, sayari kibete iliyo mbali sana na Jua, baada ya kugunduliwa mwaka 1930. Sehemu kubwa ya habari za giza na siri unazozisoma kwenye simu imetokana na nyongeza hiyo ya Pluto, ambayo Waarabu na Wagiriki hawakuijua kabisa.

Lakini hata wanajimu hawasemi kwamba mwenye Mwezi wa Nge ni mtu wa wivu, basi. Husema vilevile kwamba ni mtu asiyetupa ndugu, anayetunza siri aliyopewa, anayebaki hospitalini usiku wakati wenzake wameaga, na asiyedanganyika upesi. Hilo la mwisho ningependa ulikumbuke. Aidha, mnajimu makini hasomi Mwezi peke yake. Angetazama Jua lako kwenye Mapacha na kusema wewe ni mtu wa maneno na udadisi, angetazama Zuhura ambayo kamwe haiendi mbali na Jua, angepima pembe kati ya sayari na sayari, kisha angechanganya yote hayo kabla ya kufungua mdomo. Mchumba wako amechukua sentensi moja katika ukurasa mzima, ile inayomfaa yeye.

Wala usidhani kwamba wanajimu wenyewe wamekubaliana. Nyota tunazoziona angani na sehemu kumi na mbili za kwenye ramani zimeachana taratibu, kwa sababu mhimili wa Dunia unayumba na kusababisha mwachano wa nyuzi moja kwa kila miaka 72 hivi, na sasa mwachano huo umefika nyuzi kama 24. Wanajimu wa India huuhesabu mwachano huo na wa Magharibi huuacha. Ukimpelekea mnajimu wa Kihindi tarehe yako, atakwambia Jua lako halimo kwenye Mapacha bali kwenye Ng'ombe, na huenda akauhamisha na Mwezi kutoka Nge kwenda Mizani, ambayo kwa wote wawili ni nyota ya upole na kupenda mapatano. Mtoto ni huyohuyo na asubuhi ni ileile.

Mwalimu wa Lindi naye yuko kwenye hesabu ya tatu, ambayo haitazami anga hata kidogo. Huchukua jina lako na la mama yako, huandika kwa herufi za Kiarabu, kila herufi ina thamani yake kwa hesabu ya abjadi, hujumlisha, hutoa kumi na mbili kumi na mbili mpaka zibaki zisizofika idadi hiyo au kumi na mbili kamili, na kinachobaki ndiyo nyota yako: moja ni Hamali, tano ni Asadi yaani Simba, kumi na mbili ni Hutu yaani Samaki. Ni hesabu ya zamani na ina heshima yake kwa wanaoifuata. Hata hivyo fikiri ni watu wangapi wa kwetu, Wamakonde, Wamakua na Wayao, waliopewa jina jipya walipotoka jandoni au unyagoni, na ni wangapi ambao mama yao ana jina la nyumbani, jina la ubatizo au la madrasa, na jina la kwenye kadi ya kupigia kura. Kila jina lina jumla yake na kila jumla ina nyota yake. Mama yake mdogo alipeleka jina lipi? Na kama mtu angependa kuzichanganya hesabu hizi mbili kama wewe ulivyochanganya hofu zako, angekumbuka kwamba kwenye programu Nge ni nyota ya maji, na Samaki wa mchumba wako ni maji vilevile, kwa hiyo mngeelewana bila ya shilingi 200,000.

Sasa nirudi kwenye yale machozi. Mwaka 1948 huko Marekani mwalimu wa saikolojia aitwaye Bertram Forer aliwapa wanafunzi wake 39 fomu ya kupima tabia, na baada ya siku chache akampa kila mmoja karatasi yenye maelezo ya tabia yake, akiwataka waseme yanawafaa kwa kiasi gani, kutoka sifuri mpaka tano. Wastani ulikuwa 4.26. Kisha akawaambia kwamba wote wamepewa karatasi moja, na kwamba sentensi zake nyingi alizitoa kwenye kitabu cha nyota kinachouzwa vibandani. Zilikuwa sentensi za namna hii: unahitaji kupendwa na watu, nawe unajilaumu mno, kwa nje unaonekana umetulia lakini ndani una wasiwasi. Nani hayuko hivyo? Maelezo ya aina hiyo ni kama kanga, hayakushonwa kwa kipimo cha mwili wa mtu yeyote, na kwa sababu hiyo yanamkaa kila anayejifunga. "Hisia nzito anazozificha" ni kanga. "Husamehe kwa ulimi" ni kanga. Kila mtu aliyewahi kugombana na ndugu yake ataona imemkaa, hata kama saa yake ya kuzaliwa imekosewa kwa saa sita.

Utaniambia kwamba hayo ni maelezo ya programu, na mnajimu wa kweli angejua zaidi. Hilo nalo lilijaribiwa. Mwaka 1985 jarida la kisayansi la Nature lilichapisha jaribio la Shawn Carlson, ambalo wanajimu walishiriki kulipanga ili isije ikasemwa kwamba wameonewa. Kila mnajimu alipewa ramani ya nyota ya mtu na wasifu wa tabia za watu watatu, mmoja ukiwa wa mwenye ramani, achague ulio wake. Walipata kama theluthi moja, yaani kiasi kilekile ambacho angepata mtu anayechagua amefumba macho.

Tazama pia wingi wa watu. Mwezi hupita kwenye Nge kila mwezi, hukaa humo kwa siku mbili na robo hivi, na kwa makadirio mtu mmoja katika kila kumi na wawili huzaliwa ukiwa humo. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 1.6 katika mkoa wa Mtwara peke yake, kwa hiyo wenye Mwezi wa Nge mkoani kwetu ni zaidi ya laki moja na elfu thelathini. Wamo miongoni mwao wanawake wanaoamini kupita kiasi, wachungaji, masheikh, wachekeshaji, watu waliokopesha wakasahau. Umewahi kuona wote hao wanavuka barabara?

Kuhusu hoja ya baba yako mdogo, ni hoja nzuri na inastahili jibu la mvuvi. Mwezi unaivuta bahari kweli, na Jua pia. Vinapovuta katika mstari mmoja, wakati wa mwezi mwandamo na wa mwezi mpevu, tunapata bamvua, na vinapovuta kwa kupishana tunapata maji mafu. Muulize kama amewahi kusikia kwamba bamvua la Mikindani huwa kubwa zaidi Mwezi ukiwa kwenye Nge kuliko ukiwa kwenye Ng'ombe kwa sababu ya nyota hiyo. Bahari hufuata jinsi Mwezi ulivyokaa na Jua, na umbali wake, haifuati jina la sehemu uliyopo. Na inapojaa huinua ngalawa zote zilizo kwenye ghuba, haichagui zile zilizochongwa mwezi wa Juni. Zaidi ya hayo, bahari hupanda kwa sababu ni kubwa mno, kiasi kwamba upande mmoja wa Dunia unavutwa kwa nguvu kuliko mwingine. Mwili wa mtoto mchanga ni mdogo kiasi kwamba tofauti hiyo, kutoka utosini mpaka unyayoni, haina lolote la kufanya.

Nimeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu uliuliza, na kwa sababu ninajua watu wengi wa huku wanazitazama nyota kwa moyo mweupe. Marehemu Sheikh Yahya Hussein, mnajimu aliyefariki mwaka 2011, alikuwa na wasikilizaji wa kila dini. Lakini barua yako, mwanangu, haikunionyesha msichana mwenye wivu. Niliisoma tena nikitafuta wivu wenyewe na sikuuona. Hukusema umemfuma na mwanamke, hukusema umepekua simu yake, hukusema unamkataza safari. Ulichosema ni kwamba umetoa shilingi 1,800,000 za mchele na maharage, umeambiwa zimenunua kiwanja, na ulipoomba karatasi ulipewa jibu la Mwezi. Kuomba karatasi ya kitu ulichokilipia si tabia ya nyota yoyote. Mtu wa Mizani angeiomba, na wa Samaki pia, na huyo mchumba wako anapokabidhi mzigo ghalani haondoki mpaka apewe karatasi iliyogongwa mhuri, wala karani hamwambii kwamba hilo ni Nge.

Simwiti mwizi. Inawezekana karatasi iko Lindi kweli, inawezekana fedha imekwama kwenye matairi ya lori naye anaona aibu kusema, inawezekana muuzaji amemzungusha. Lakini amegundua kwamba kuna neno ambalo akilitamka wewe unaona haya na unanyamaza, na amelitumia palepale ambapo ulikuwa na haki ya kujibiwa. Neno hilo ulimpa wewe mwenyewe siku mliyocheka pamoja, na unaweza kumnyang'anya. Safari nyingine akilisema, usibishane naye kuhusu nyota, kwa maana mtafika asubuhi mkiwa bado angani. Mwambie: "Sawa, tuseme ni Mwezi wangu unaouliza. Mjibu."

Kuhusu shoga yako wa kidato cha pili na dada yako, hapo kuna jambo, na nisingependa ulifunike kwa kusema kwamba hata nyota sizo. Unaweka kinyongo. Watu wengi wanaweka, na sababu zake huwa ni malezi, ukimya wa nyumbani, na mazoea ya miaka. Tabia inabadilika kwa kitendo kimoja baada ya kingine, na cha kwanza chako ni chepesi: ukimwona huyo shoga yako, usivuke barabara, msalimie. Huhitaji kumweleza habari za daftari.

Mama yake mdogo umjibu kwa heshima, kwa sababu atakuwa mkweo. Mwambie kwamba umeshukuru kwa kuhangaikia ndoa yenu, lakini nyumbani kwenu hamna desturi ya kulipia mapatano ya nyota, na kama kuna dua, wazazi wa pande zote wataomba pamoja siku ya mahari. Kama wewe ni mtu wa msikiti au wa kanisa, viongozi wako wana neno lao kuhusu kwenda kwa watabiri, na unaweza kulitaja bila kumkashifu yeyote. Usitoe hizo shilingi 200,000, wala usizitoe nusu kwa kuona haya. Na usikubali kuitwa mwenye nyota kali, kwa sababu leo itakuwa laki mbili, na mtoto akichelewa kupatikana, au lori likiharibika, watarudi kwenye nyota hiyohiyo.

Lililobaki ni kiwanja. Kabla ya mahari kuletwa, kaa naye mchana, nyumbani kwa mtu mzima mnayemheshimu wote wawili, ukiwa umeandika tarehe za kila fedha uliyomtumia. Ujumbe wa miamala uliomo kwenye simu yako ni ushahidi, usiufute. Muombe mambo matatu kwa sauti ya kawaida: jina la muuzaji, mtaa kilipo kiwanja, na andiko la mauziano lenye sahihi za mashahidi. Akikutajia, nendeni pamoja ofisi ya serikali ya mtaa wa huko Naliendele mkaulize kama mauziano hayo yanajulikana, kisha mwende idara ya ardhi ya Manispaa ya Mtwara-Mikindani muulize kama kiwanja kimepimwa na kimesajiliwa kwa jina la nani. Kwenye andiko hilo lazima na jina lako liwemo, si lake peke yake, kwa kuwa fedha ni yako na ndoa bado haijafungwa. Akisema fedha imetumika kwa jambo jingine, mpe nafasi ya kueleza na muandikishane atakavyoirudisha. Akicheka akataja Nge, nyanyuka, umpigie baba yako umwambie asipokee mahari mwezi huu.